Siku nne kulitafuta ua la Usambara

Mama yangu anauza maua ya vyungu Raskazoni, na mwezi wa tano mteja mmoja akaja na picha kwenye simu, ua dogo rangi ya urujuani, katikati lina vitu viwili vya njano, majani manene ya mviringo, akauliza mama hili unalo? Hakuwa nalo. Akampigia anayemletea miche, yule akasema hilo mama ni la Ulaya, nikikuletea bei yake hutaipenda. Basi mama akanipa kazi mimi nilitafute kwenye mtandao, na nilipolipata nilimwita kwa sauti mpaka jirani akachungulia, maana hilo ua ni la kwetu. Yaani la mkoa huu huu wa Tanga.

Iko hivi. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona porini akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani, baba akampelekea Hermann Wendland aliyekuwa anasimamia bustani za Herrenhausen kule Hannover, na 1893 Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu wakalihamishia kwenye kundi la Streptocarpus kwa hiyo sasa ni Streptocarpus ionanthus, ila watu wengi bado wanatumia lile la zamani, na Wajerumani mpaka leo wanaliita Usambaraveilchen, milima yetu imo ndani ya jina lao. Ndugu zake wengine wako Uluguru, na Kenya kule Taita na upande wa Kilifi, lakini kwao hasa ni Tanga.

Kilichonifunga mimi ni maelezo ya huyo Saint Paul-Illaire mwenyewe, alisema amelikuta sehemu mbili. Moja mwendo wa saa moja tu kutoka Tanga, kwenye nyufa za mawe ya chokaa chini ya miti, futi 50 hadi 150 juu ya bahari. Ya pili ndani ya msitu mkubwa wa Usambara, kwenye miamba, kama futi 2,500. Nikasoma mara tatu. Mwendo wa saa moja kutoka Tanga! Nimezaliwa Tanga, nimesoma Tanga, mama yangu anakula kwa maua, na hakuna siku mtu ametuambia.

Nikaomba ruhusa kazini siku mbili nikaunganisha na wikiendi. Mama akanipa mfuko wa nailoni na karatasi ya gazeti, akasema mwanangu usinibebee mche, niletee jani moja tu na kikonyo chake. Aliona kwenye video kwamba ukichomeka jani la ua hili kwenye udongo linatoa mizizi kisha linazaa vichanga vyake pembeni, na ni kweli, huko duniani ndivyo linavyozalishwa.

ALHAMISI

Nilianza na Amboni kwa sababu mawe ya chokaa ya karibu na mji ni yale. Nimekula mbaazi na mahamri stendi, nikapanda daladala, nikashuka barabara ya Horohoro nikamalizia na bodaboda. Mapango ya Amboni kila mtoto wa Tanga ameshapelekwa na shule, popo, giza, kile chumba ambacho watu wanaweka chupa za marashi na vitambaa wakiomba. Mimi safari hii sikutaka kuingia ndani, nikamwambia muongozaji nataka kuzunguka nje kwenye mawe, nikamwonyesha picha. Akasema hilo dada sijaliona, watu wakija hapa wanatazama pango.

Tumezunguka kama saa mbili na nusu. Mawe yapo, nyufa zipo, miti ipo, mkuyu mmoja mizizi yake imeushika mwamba kama mtu aliyeshika mtungi. Nilikagua kila ufa. Nikakuta kangaga zimekauka, nikakuta mjusi, nikakuta majani ya mviringo nikashtuka kwa furaha kumbe mmea mwingine kabisa. Jua lilikuwa kali na mawe yale ya juu yana joto hadi ukiweka kiganja unakitoa. Saa tisa nikarudi nyumbani. Mama aliponiona usoni hakuuliza, akanipakulia.

IJUMAA

Muheza si mbali, kama unaondoka mapema unafika machungwa bado yana umande. Nilimpitia mjomba, kaka yake mama, sikutaka kupita Muheza bila kumsalimia maana ingekuwa kesi. Shikamoo mjomba, marahaba mpwa wangu, umekonda, kaa ule. Nikamweleza safari yangu. Akalitazama lile picha muda mrefu, akasogeza simu, akairudisha, akasema hili nimeliona sana, nilikuwa nalikanyaga.

Mjomba ujanani alilima iliki huko juu. Alinieleza kitu ambacho sijakisoma popote kikaelezwa vizuri kama alivyokieleza yeye akiwa anamenya chungwa. Iliki inataka kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi msitu, miti mikubwa anaiacha, anafyeka vya chini vyote anapanda iliki, na ukisimama mbali unasema msitu upo. Lakini vya chini ulivyofyeka ndio watoto wa ile miti mikubwa. Miaka inakwenda, mkubwa mmoja anaanguka na upepo, hakuna wa kushika nafasi yake, jua linaingia. Na maua yale ya mawe, anasema, jua likiingia hayamalizi mwezi. Yanakuwa kama mchicha uliotupwa barabarani. "Sisi tulikuwa tunatafuta pesa ya ada mwanangu, hatukujua kama tunaua kitu." Alisema polepole na mimi sikuwa na la kumjibu, ada yenyewe ndiyo iliyomsomesha mama.

Gari la Amani, kule milimani nilikokuwa nakwenda, linaondoka mchana, moja, na limejaa hata kabla halijapakia, magunia ya unga, vitanda, kuku, mama mmoja na beseni la dagaa. Barabara ya vumbi inapita kwenye mitiki ya Longuza, mistari imenyooka kama daftari, hewa kavu, na ghafla tu mitiki inaisha, unaingia msituni na baridi inakupiga mashavuni. Hiyo sehemu niliipenda mno. Tumesimama njiani kama saa nzima gari limegoma kupanda, wanaume wakashuka kuweka mawe nyuma ya matairi, sisi wanawake tukatembea kilima kile kwa miguu tukisikia mto upande wa kushoto.

Mto huo ni Zigi. Na hapa naomba watu wa Tanga mjini mnisikilize, Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndio maji ya mabomba yetu. Mpira ambao mama anamwagilia vyungu vyake Raskazoni, maji yake yameanzia huku.

Nikashuka Zigi kwenyewe, penye geti la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1997 na ina kama hekta 8,380. Ofisi ya wageni iko kwenye nyumba ya zamani ya stesheni, enzi za Wajerumani kulikuwa na reli ndogo kutoka Tengeni hadi hapa ya kushushia mbao. Nililipia kiingilio kwa simu, nikapata muongozaji wa kesho yake, kaka mmoja Msambaa mpole sana, nikamwonyesha picha. Hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Kesho vaa viatu vya kushika, tutapanda."

JUMAMOSI

Tumeondoka saa moja asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha kila kitu kinadondosha. Zigi iko kama mita 450 na Amani juu kwenye mita 900, na sisi tulipita njia ya msituni sio ya gari. Huyu kaka anatembea hatua fupi fupi, anasimama, anakushika mkono akuonyeshe kinyonga ambaye wewe usingemwona hata ukae mwezi. Msambu huu, akapiga shina kwa kiganja, tunda lake kubwa kama mpira na mbegu zake zinatoa mafuta. Kisha akanionyesha mti mrefu wenye shina jeupe jeupe, Maesopsis, huu akasema sio wa hapa, kwao ni kule magharibi, upande wa ziwa Victoria, ulipandwa zamani halafu hondohondo wakala matunda wakasambaza mbegu kila palipokuwa na uwazi. Unakua haraka na wenyewe ni mti, ni kijani, lakini chini yake sio kama chini ya mtambara au mnyasa. Nilitazama chini yake na kweli mwanga ulikuwa mwingi.

Saa nne na kidogo tukateremka kwenye kijito, mawe makubwa meusi, giza la kijani, na baridi kama ukifungua friji. Akasema simama. Usiangalie chini, angalia ukuta.

Mwamba ulikuwa umesimama wima mrefu kuliko nyumba, umevaa yale manyoya ya kijani ya mawe yaliyolowa, na humo ndani, hapa moja, pale matatu, kule juu kundi zima limetambaa vishina vyake vikining'inia, yako maua yetu. Nilikaa chini. Sikulia ila nilikaribia.

Sasa niwaeleze jinsi lilivyo maana picha za vyungu zinadanganya kidogo. La porini ni dogo. Majani yamejipanga duara, na yana malaika, yale yale malaika ya mkono wa mtoto mchanga, tone la maji linakaa juu yake bila kugusa jani lenyewe. Ukichungulia upande wa chini mengine yana wekundu wa zambarau. Ua lina petali tano, mbili za juu ndogo, tatu za chini pana, rangi ni buluu inayokwenda kwenye urujuani na ukilitazama kwa pembeni linameta kama limepakwa chumvi laini. Vile vya njano viwili ni vifuko vya chavua. Na ule uzi mwembamba wa kike haukai katikati, umelala pembeni, ua hili umelala kushoto, la jirani yake kulia, na muongozaji akasema nyuki akija anatikisa vile vifuko kwa mtetemo wa mwili wake ndipo chavua inatoka, asali hamna humo, anafuata chavua tu. Tulingoja kama tutamwona nyuki, hakuja, asubuhi ilikuwa na baridi.

Lakini kilichonikaa zaidi ni mizizi. Nilisogeza uso karibu kabisa, nafikiri sentimita kumi, nikitafuta limesimama kwenye nini. Hamna udongo. Kuna tabaka la yale manyoya ya kijani na majani yaliyooza, unene wake haufiki kidole changu kimoja, na mizizi ni nyuzi nyembamba imeshikilia hapo basi. Nyuma yake ni jiwe. Juu yake maji yanachuruzika tone moja, unahesabu mpaka sita, tone lingine. Kivuli kikiondoka ile zulia ya kijani inakauka, ikikauka inabanduka kama rangi ya ukuta, na ua linaondoka nayo. Nikamkumbuka mjomba.

Zamani haya ya kutambaa yalihesabiwa kuwa aina yake peke yake, grotei, na yale ya Amboni ndio ionantha, na kila mahali pakipewa jina lake, ya Tongwe yana jina, ya Magunga yana jina. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja, Darbyshire, akayapitia yote akasema mengi ya haya ni aina moja yenye sura tofauti. Hilo nimelipenda. La juu mlimani na la chini karibu na bahari ni damu moja, na mto unaowapitia wote ni Zigi.

Nikatoa mfuko wa nailoni. Kaka akauona, akatikisa kichwa, hakukasirika. "Dada hapa hachumwi kitu, hata jani." Nikamweleza ya mama. Akasema mpe mama pole, lakini fikiria kila anayekuja achukue moja. Nikaukunja mfuko nikaurudisha. Nikarekodi video badala yake, dakika tatu, ukuta na lile tone.

Tumefika Amani saa nane, nimekula ugali na maharage nikalala kama gogo. Jioni nilizunguka kidogo kwenye ile bustani ya miti ambayo Wajerumani waliianzisha pamoja na taasisi yao ya utafiti mwaka 1902, walijaribu humo miti ya kila nchi. Mbegu za ua letu zikawa zimeshaenda upande wa pili, kampuni ya Benary ya Erfurt ikaanza kuziuza, na 1926 bustani moja ya Los Angeles, Armacost and Royston, ikaotesha mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza ikachagua miche kumi bora. Mengi ya vyungu vya madirishani Marekani yametokea kwenye hiyo kumi. Nikawa nawaza vile vyungu vyote vilivyoko huko, na ule ukuta niliouona asubuhi.

JUMAPILI

Gari la kurudi linatoka alfajiri, giza. Nililala njia nzima mpaka mitikini.

Nilipofika Tanga saa nne hivi sikwenda nyumbani. Kitu kilikuwa kinanisumbua tangu pale mwambani. Alhamisi mimi nilikagua mawe ya juu, ya njia ya wageni, mawe ya jua. Nilitafuta kwa macho ya mtu anayetafuta ua la chunguni, kwenye udongo, penye mwanga. Ningetafuta ukuta, maji, giza.

Nikarudi Amboni. Muongozaji akanikumbuka, nikamwambia kaka tushuke mtoni, upande ambao jua halifiki, akasema huko wanashuka wavuvi tu, nikamwambia twende. Tumeshuka kwa kushika mizizi. Chini kule korongoni hewa inabadilika, unanusa matope na majani, na mwamba wa chokaa ambao juu ni mweupe, chini ni wa kijani kibichi. Nikapita nao taratibu, mkono mmoja ukutani.

Yako pale. Juu kidogo ya kichwa changu, kwenye ufa uliolala kama mdomo uliofunguka nusu, sahani ndogo za majani yenye malaika. Nikahesabu kumi na moja. Kumi hayakuwa na ua, majani tu, mengine yamejikunja kwa kiu. La kumi na moja lilikuwa na ua moja, limeinama, buluu kuliko ya mlimani au macho yangu tu, sijali. Muongozaji alisimama nyuma yangu kimya kisha akasema miaka yote hii dada, na mimi napita hapo juu.

Mfuko ulikuwa mfukoni. Geti halikuwa karibu, hakuna ambaye angejua, na mkono ningenyoosha tu. Kumi na moja. Nilipiga picha nne nikaondoka.

Mama alikuwa kitaluni. Swali la kwanza, jani liko wapi? Nikasema sikuchukua. Akakaza uso. Nikampa simu. Akatazama picha ya Amboni, akaikuza kwa vidole viwili kama anavyofanya akitafuta wadudu kwenye miche, akaipeleka kushoto, kulia, chini.

"Udongo wake uko wapi?"

"Hamna mama. Ni jiwe."

"Na samadi?"

"Hamna."

Nikamwekea ile video ya Amani. Aliisikiliza hadi mwisho, akairudia, ya pili akawa anahesabu matone kwa midomo bila sauti. Akanirudishia simu, akanawa mikono, akaenda kuvuta vile vyungu vyake vya begonia vilivyokuwa juani akavipanga chini ya mwembe, kimoja kimoja, akaniambia nimsaidie na vile vizito.

Jioni akampigia yule mteja wa mwezi wa tano. Mimi nilikuwa namenya viazi namsikia. Akamwambia lile ua lako nimelipata bibie, liko hapa Amboni. Hapana, siuzi. Jumapili ijayo binti yangu atatupeleka wote, tukalione. Vaa raba, kushuka kule kuna utelezi.